Vumbi la Bao Jeusi

Mzee Filberti alizikwa Heru Juu siku ya Jumatano, nami nilifika Alhamisi, kwa sababu basi nililopanda kutoka Morogoro liliharibika mara mbili, na mara ya pili lilitulaza Kibondo. Nilipoteremka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yake, wengi walikwisha kutawanyika. Waliobaki walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki uwanjani, wakisimama mmoja mmoja kusema neno juu ya marehemu. Joselina, binti yake, akaja akanishika bega. "Dada Zuhura, sema na wewe. Wewe ndiye uliyekaa naye karakanani." Nikasimama. Nikasema kwamba alikuwa mtu mwema, kwamba alinipangisha chumba nikiwa mwalimu mgeni, na kwamba Mungu amrehemu. Nikakaa. Nimesimama mbele ya madarasa zaidi ya miaka thelathini bila kukosa la kusema, na siku ile maneno yaliniishia hapo. Haya ninayoandika ndiyo niliyoshindwa kuyasema, pamoja na jambo moja ambalo, nilipokuwa nimesimama pale uwanjani, nilikuwa bado silijui.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipopangiwa kufundisha kemia katika shule ya sekondari ya wasichana mjini Kasulu. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa. Karani wa shule akanielekeza Heru Juu, kwa fundi mmoja wa kukereza mbao aliyekuwa na chumba cha ziada, mtu aliyevuka mpaka wa Manyovu akiwa kijana na hakurudi tena Burundi. Ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu kushuka shuleni asubuhi, na zaidi ya saa kupanda jioni. Chumba changu kilishikana ukuta mmoja na karakana yake. Kilikuwa na kitanda, kiti, sanduku langu la bati, na dirisha la mbao lililotazama migomba na shamba la maharage. Kulikuwa na baridi ambayo mimi, mtu wa Korogwe, sikuwahi kuiona. Miezi ya Juni na Julai nilisahihisha madaftari nikiwa nimejifunga blanketi. Mchumba wangu alikuwa ameacha kujibu barua. Sikumwambia mtu, lakini nadhani nyumba nzima ilijua, maana kila nilipotoka posta mikono mitupu, Mama Joselina aliniwekea maharage mengi kuliko kawaida.

Mama Joselina alikuwa mke wa Mzee Filberti, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Siku ya kwanza alinionyesha sufuria ndogo iliyoning'inia peke yake jikoni. "Hii ni yako, Mwalimu. Haijapikiwa kitu usichokula." Hakuniuliza dini yangu, aliona kitambaa changu cha kichwa, akaenda dukani kununua sufuria mpya. Tulikula pamoja, mimi na wao na Joselina, ugali wa muhogo mgumu wa kushiba, maharage yaliyotiwa mawese mpaka yakawa mekundu, na siku nyingine migebuka mikavu iliyopanda kwa lori kutoka ziwani. Wao kwa wao walizungumza lugha yao. Nilipoingia walihamia Kiswahili, taratibu, kama watu wanaosogeza viti kumpisha mgeni. Joselina alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amerudi kutoka kwa mume wake Kibondo akiwa na cherehani kichwani na bila maelezo, na wazazi wake hawakumdai maelezo.

Jioni nilizoea kukaa karakanani. Mashine ya Mzee Filberti aliitengeneza mwenyewe: gurudumu la baiskeli alilolimiminia saruji ili liwe zito, mkanda uliokatwa kwenye mpira wa tairi, na kanyagio la cherehani iliyokufa. Akikanyaga, kipande cha mti kilichobanwa kati ya misumari miwili kilizunguka, naye akakiegemezea patasi, na maranda yakatoka marefu, yakijikunja na kuanguka miguuni pake. Alikereza michi, miguu ya vigoda, mipini ya majembe madogo, mabakuli ya mninga. Hakupenda kuongea akifanya kazi, na hakupenda nikiondoka. Nikiinuka mapema aliuliza, bila kugeuka, "Umechoka na sisi leo?" Basi nilikaa. Nilisahihisha madaftari kwenye kigoda huku vumbi la mninga likitua juu ya majibu ya wanafunzi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nyanda zile za juu nilihisi kuna mahali ambapo kama nisingefika mtu angeuliza.

Katikati ya mwaka shule ilipata meza mpya za maabara. Zile za zamani zilikuwa na uso mweusi, mzito, wa unene wa kidole, uliostahimili tindikali na moto kwa miaka mingi kabla yangu. Mafundi walizivunja kwa nyundo na kurundika vipande nyuma ya jengo. Mkuu wa shule akaniambia, "Mwalimu Zuhura, taka za maabara ni zako. Zitafutie pa kwenda." Niliokota kipande kimoja, nikakipeleka Heru Juu ndani ya mkoba.

Mzee Filberti alikigeuza geuza mkononi, akakigonga kwa ukucha. "Hiki ni chuma au mti?"

"Ni karatasi," nikamwambia. "Karatasi nyingi sana. Zimeloweshwa gundi ya viwandani, zikabanwa pamoja kwa joto kali mpaka zikawa kitu kimoja."

"Karatasi," akasema, kama mtu anayedanganywa na mtoto anayempenda. Akakikata kwa msumeno wa chuma kikawa cha mraba, akapunguza pembe, akakitoboa katikati, akakifunga kwenye mashine. Patasi iliteleza. Akainoa, ikakata kidogo, ikawa butu. Akainoa tena. Jioni nzima ilikwenda hivyo, kukanyaga kidogo na kunoa sana, na nikajua ameudhika kwa jinsi alivyokuwa akipumua kwa pua. Lakini kabla giza halijaingia alikifungua, akakisugua kwa msasa halafu kwa kitambaa, akaninyooshea. Ilikuwa pete nene, laini kama jiwe la mtoni. Pale patasi ilipokata kwa mviringo, tabaka za karatasi zilijitokeza, nyeusi na kahawia, mistari myembamba iliyozunguka kama ile ya ndani ya shina la mti. Hakuwa ameipaka chochote. Ule mng'ao ulikuwa wake yenyewe.

"Waliitupa hii," akasema.

Jumamosi iliyofuata alishuka na baiskeli, akapanda na vipande vilivyofungwa kwa kamba nyuma, mara tatu. Watu wa Heru Juu wakaanza kuita kitu kile bao jeusi. Mwanzo alitengeneza bangili, na Joselina akamwomba vifungo vya magauni, akavishona kwenye nguo za wasichana wa kwaya. Alijifunza pia kubandika bao jeusi kati ya vipande viwili vya mninga, akiukwaruza kwanza ule uso wake kwa meno ya msumeno ili gundi ishike, na bakuli likatoka na mkanda mweusi kiunoni. Vilikuwa vitu vya kupendeza. Aliyeona faida yake halisi ni Mama Joselina. Tulikuwa tunakula, mfuniko wa sufuria kubwa ulikuwa umeungua kishikio, naye aliuinua kwa kona ya kanga. "Bangili nzuri," akasema. "Lakini sufuria haina pa kushika. Hilo bao lenu si haliogopi moto?" Mumewe akaacha kutafuna. Kesho yake alikereza kishikio cha kwanza cha mfuniko, chenye kiuno chembamba na kichwa cha mviringo, akakifunga kwa skrubu. Baada ya hapo ikawa mpini wa pasi ya mkaa, halafu mipini ya visu. Mwezi haukuisha kabla wanawake hawajaanza kuja kutoka mjini wakiwa wamebeba mifuniko kichwani.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona gumu. Bao jeusi likikatwa lilitoa harufu. Ilikuwa kali, ya dawa, na patasi ikipata moto harufu ile ilizidi, ikachoma macho. Mimi niliijua. Nilikuwa nimefundisha juu ya gundi zile ubaoni, nimechora muundo wake, nimewaambia wasichana wa kidato cha nne kwamba mvuke wake si wa kuvuta. Vumbi lake lilikuwa tofauti na la mninga. Lilikuwa jembamba kama unga wa poda, la rangi ya kahawa, nalo lilining'inia hewani hata mashine iliposimama. Nililiona kwenye nyusi zake. Nililifuta kwenye madaftari. Kila jioni nilijiambia kwamba nitasema kesho. Sikusema, na sababu haikuwa kusahau. Mzee Filberti alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mzima, na aliyeileta nilikuwa mimi. Kwenye nyumba ile nilikuwa nimeacha kuwa mpangaji, nikawa mtu aliyeleta bao jeusi. Nilisema moyoni kwamba vumbi ni vumbi tu, kwamba mafundi wote hukohoa, kwamba mlango ulikuwa wazi.

Alianza kukohoa mwezi wa Agosti. Mama Joselina alisema ni baridi, akamchemshia majani. Septemba akawa anaamka akiwa amekaa, mikono juu ya magoti, akitafuta pumzi. Siku za Jumapili, ambapo hakufanya kazi, alipata nafuu, na Jumatatu ikirudi kifua kikarudi. Hata mtoto wa kidato cha kwanza angeunganisha mambo hayo. Asubuhi moja nikijiandaa kwenda shule nilisikia kitu kikianguka upande wa pili wa ukuta. Nilimkuta chini, karibu na mashine, midomo imebadilika rangi, macho yamenitazama bila woga, kama mtu aliyeshughulishwa na kazi moja tu ya kuvuta hewa. Pikapu ya mfanyabiashara wa maharage ilitupeleka hospitali. Mama Joselina alimpakata kichwa njia nzima. Mimi na Joselina tulikaa juu ya magunia, tukishikana mikono.

Alitibiwa, akapata nafuu kufikia mchana. Daktari, kijana kutoka Mbeya, alitoka akatuuliza sisi watatu, "Mzee anafanya kazi gani? Kuna kitu anachovuta, moshi, dawa za shamba?"

Mama Joselina akasema, "Ni fundi wa mbao. Miaka yote ni fundi wa mbao, hajaumwa."

Ndipo nikasema. Nilimweleza daktari kitu chenyewe kilivyo, gundi yake, vumbi lake, nilivyokileta na lini. Nilitumia maneno ya darasani, kwa sababu maneno mengine sikuwa nayo. Daktari aliandika. Akasema kifua kimelikataa vumbi lile, kwamba likiendelea kuingia siku moja hakitafunguka, na kwamba akiliacha ana nafasi nzuri ya kupona. Halafu akaondoka, tukabaki watatu kwenye benchi la ukumbini.

Mama Joselina hakunitazama. "Ulijua, Mwalimu?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza nilijua kidogo. Baadaye nikajua zaidi."

Akanyanyuka, akakung'uta kanga, akaingia wodini kwa mumewe.

Kwa majuma matano baada ya hapo nilikula peke yangu. Chakula hakikukosekana hata siku moja. Nilirudi kutoka shule nikakikuta mlangoni, ndani ya ile sufuria yangu ndogo, kimefunikwa, bado cha moto. Lakini hakuna aliyeniita, nami sikuthubutu kwenda jikoni bila kuitwa. Niliwasikia ng'ambo ya ukuta wakiongea lugha yao. Nilitafuta chumba mjini, nikakipata, nikalipia. Siku niliyofunga sanduku, Mzee Filberti alikuja mpaka mlangoni, polepole, akiegemea ukuta.

"Nasikia unatuhama."

"Nimewaletea ugonjwa, Mzee. Naona aibu hata kuwaamkia."

Akakaa juu ya sanduku langu ili apumzike. "Mwalimu, mimi sijaja kukubembeleza. Nimekuja kuuliza. Hilo vumbi, likiwa na maji, linaruka?"

Nilimtazama. Alikuwa amekonda, shingo imeingia ndani ya shati, na alikuwa akiuliza kwa dhati. Nikamwambia halitaruka, litakuwa tope. "Na harufu?" Nikamwambia harufu inatokana na joto, na patasi kali kwa mwendo wa polepole haiwi na joto. "Mti ukiumwagia maji unaharibika," akasema. "Hili haliogopi maji. Nimelala kitandani majuma haya yote nikiliwaza hilo." Nikamkumbusha daktari alivyosema. Akaitikia kwa kichwa. "Mimi nimeshaachana nalo. Nauliza kwa ajili ya Joselina."

Maneno hayo Mama Joselina aliyasikia, maana alikuwa nyuma yake uani. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile wala baada yake. Alisema amekaribia kumzika mume, na sasa tunataka kumfanya binti yake, aliyerudi kwake akiwa mzima, awe wa pili. Alisema mwanamke kwenye ile mashine ni kichekesho, na mwanamke mgonjwa ni msiba. Mzee Filberti alimwacha aseme mpaka mwisho. Joselina ndiye aliyejibu, kutoka dirishani alipokuwa akishona. "Mama, Kibondo nilikaa miaka miwili nikiomba ruhusa ya kila kitu. Hili nisilazimike kuliomba. Nifundisheni lifanyikavyo bila kuua mtu, halafu mniache."

Sikuhama. Kile chumba cha mjini nilikiacha na kodi yake. Tulihamisha mashine nje, chini ya paa la nyasi lisilo na kuta, upande ambao upepo wa bondeni ulipita. Juu ya patasi tulining'iniza kopo lenye tundu la msumari, likidondosha maji tone kwa tone pale hasa makali yalipokutana na bao. Msasa ulitumika ukiwa umelowa. Tope lake lilichotwa likafukiwa mbali na kisima. Joselina alijifunga kitambaa cha tabaka tatu puani, na mimi nilikagua kitambaa kile kila jioni, nikikifunua kwenye mwanga kama ninavyokagua mtihani. Mzee Filberti alikaa kwenye kiti upande unakotoka upepo, mbali, akifundisha kwa sauti. "Noa. Usiisukume, iache ikate yenyewe. Noa tena." Vishikio vya kwanza vya Joselina vilipinda. Cha kumi au cha kumi na moja kilikaa sawa, naye akakiweka mapajani mwa baba yake.

Mama Joselina hakusogea pale kwa siku nyingi. Alipita mbali na ndoo yake. Siku moja ya Desemba, mvua imekolea, alikuja akasimama nyuma ya binti yake, akainama, akapitisha kidole juu ya kibao cha mashine, akakitazama. Kilikuwa na maji tu. Halafu akaniambia, mimi, "Mwalimu, chakula tayari. Njoo ule kabla hakijapoa," akatangulia jikoni. Mwezi uliofuata nilipata uhamisho wa kwenda Morogoro. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa maneno. Niliandika barua, nikatuma vitenge, nikaja mara tatu katika miaka yote hiyo, na kila mara tulizungumza juu ya mvua na bei ya maharage. Mzee Filberti aliishi mpaka akawa mkongwe, akafa kwa uzee wa kawaida. Joselina ana karakana yake mwenyewe kule kule Kibondo alikokuwa akiomba ruhusa, mashine ya umeme, na wanawake wanne anaowafundisha, na bado kuna kopo la maji juu ya kila patasi. Yote hayo ni mema, lakini mema hayakuniondolea lile benchi la hospitali.

Ijumaa asubuhi, siku ya kuondoka, nilimkuta Mama Joselina jikoni akichambua maharage kwenye ungo. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Anachambua kwa vidole. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake. Nikasema, "Mama, miaka yote hii sijakuomba radhi. Nilijua kile kitu ni kibaya, nikanyamaza. Nisamehe."

Aliendelea kuchambua. Halafu akasema, "Filberti alijua."

"Alijua nini, Mama?"

"Kwamba linamuuma. Juma la kwanza tu aliniambia. Akasema, hili bao linanichoma kifua. Nikamwambia aache. Akasema, nikiacha, huyu mwalimu hatakaa tena karakanani, atajifungia chumbani kwake na zile barua ambazo haziji. Akasema usimwambie." Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa pembeni. "Nikanyamaza. Tena nikaleta na habari za mifuniko. Ukasema wewe, mtoto wa watu, pale hospitali, mbele ya daktari. Mimi sikusema. Nilikasirika, ndiyo. Ningekula na wewe vipi, nikikutazama usoni?"

Nililia pale mbele yake, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, nikilia kama nisivyowahi kulia kwa ajili ya zile barua wala kwa ajili ya kitu kingine. Hakuninyamazisha. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akapata magoti yangu, akausogeza ungo ukakaa katikati yetu, nusu kwake, nusu kwangu.

"Nisaidie," akasema. "Mimi mawe madogo siyaoni."